Gari Limeliona Lori, Limelipuuza

Tarehe 22 Januari 2018 gari la zimamoto lilisimama kwenye barabara kuu ya I-405, huko Culver City, California, kukinga eneo la ajali ya pikipiki. Nyuma yake ikaja Tesla Model S, mfumo wake wa kusaidia kuendesha, Autopilot, ukiwa umewashwa, ikifuata gari jingine kwa mwendo wa kama kilomita 34 kwa saa. Gari la mbele likahama njia kulikwepa zimamoto. Tesla haikuhama, wala haikufunga breki. Iliongeza mwendo, na sekunde chache baadaye ikalivaa gari la zimamoto kwa nyuma ikiwa kwenye kilomita 50 kwa saa.

Kwa bahati hakuna aliyeumia. Bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, NTSB, ilieleza kwamba dereva alizubaa na kuutegemea mfumo kupita kiasi, na kwamba mfumo wenyewe ulisanifiwa kwa namna iliyompa nafasi ya kuzubaa: katika takriban dakika 14 za mwisho, usukani ulihisi mikono yake kwa sekunde 51 tu. Kuhusu kuongeza mwendo, maelezo ni mepesi, na wepesi huo ndio unaotisha. Dereva alikuwa ameuruhusu mfumo uende hadi kilomita 129 kwa saa njia ikiwa wazi. Gari la mbele lilipoondoka, kwa hesabu za kompyuta njia ilikuwa wazi.

Nimeanza na kisa cha mbali, tena cha gari ambalo wengi wetu hatutalinunua, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo mwenye Vitz, Axio, Forester au Fit iliyoshushwa Mombasa au Dar es Salaam anapaswa kulijua kabla hajafika Chalinze. Magari ya mtumba kutoka Japani sasa yanakuja na kamera juu ya kioo cha mbele, na baadhi yana rada nyuma ya nembo. Madalali wa yadi wameshapata la kusema: "Hili linajifunga breki lenyewe, mkubwa." Linajifunga, ndiyo. La kuuliza ni mbele ya kitu gani, kwa mwendo gani, na baada ya kupita mikononi mwa fundi gani.

Tuanze na kitu gani. Rada ya gari hutuma mawimbi, na yakigonga kitu yakarudi, kompyuta hupima vizuri sana mambo mawili: umbali wa kitu hicho na kasi yake ya kukusogelea. Kinachoishinda ni kujua kitu chenyewe ni nini na kiko juu kiasi gani. Rada nyingi za magari ya miaka ya 2010 hupata taabu kutofautisha lori lililokaa katikati ya njia na kibao cha chuma kinachoning'inia juu ya njia hiyo hiyo. Nawe ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, kila kitu kisichotembea kinakujia kwa kilomita 100 kwa saa: nguzo, kingo za daraja, mfuniko wa chemba, kopo la soda. Gari litakalofunga breki kwa kila kimojawapo haliendesheki. Basi wahandisi wakaamua vitu vilivyosimama vipewe uzito mdogo, isipokuwa kamera ithibitishe kwamba ni gari. Kamera nayo hufundishwa kwa picha, na picha nyingi ni za migongo ya magari. Lori lililokaa mshazari au tela lililokatiza njia kwa ubavu halifanani na ilichofundishwa.

Kwa hiyo si kweli kwamba gari kama lile la Culver City ni kipofu. Mawimbi yalirudi. Programu ndiyo iliyoamua kwamba hayana maana.

Uamuzi wa namna hiyo umeshaua. Tarehe 7 Mei 2016, karibu na Williston, Florida, tela lilikatiza barabara kuu na Tesla ikapita chini yake kwa kilomita 119 kwa saa bila breki ya mashine wala ya mtu, na dereva akafa. Tarehe 1 Machi 2019, Delray Beach, jimbo hilo hilo, ikatokea ajali pacha yake, na dereva mwingine akafa. Kati ya ajali hizo mbili Tesla ilikuwa imeachana na vifaa vya kampuni ya Mobileye na kuweka mtambo wake. Vifaa vilibadilika, lakini tela linalokatiza njia likabaki lile lile.

Sasa lete hesabu hiyo nyumbani. Usiku, kati ya Voi na Mtito Andei au ukitoka Morogoro kuelekea Mikumi, kwangu mimi hakuna kitu cha kuogopwa kama lori lililoharibikiwa na kuachwa njiani, taa hazipo, pembetatu za kuakisi mwanga hazipo. Utingo amevunja matawi akayapanga nyuma ya lori. Dereva wa huku akiona matawi, mguu unatoka kwenye mafuta kabla hajafikiri. Kwa kamera iliyofundishwa Japani matawi ni uchafu wa barabarani, na kwa rada ni kama hayapo. Lori lenyewe ni kitu kilichosimama, pengine limelalia upande mmoja na tela limeingia njia ya pili. Yaani hali ambayo mwenye gari angetamani zaidi kusaidiwa ndiyo ambayo mfumo haukuandaliwa kuikabili.

Na mwendo? Hapa ndipo wanunuzi wengi huduwaa wanapoelezwa. Breki ya dharura ya Mazda Demio za mwanzoni, na ile ya Honda Fit za wakati huo, hutumia mwale wa leza na hufanya kazi chini ya kilomita 30 kwa saa. Imetengenezwa kwa foleni za Tokyo. Toyota Safety Sense C, iliyoanza mwaka 2015 na kuenea kwenye Axio na Vitz, hujifunga yenyewe kati ya kilomita 10 na 80 kwa saa, na matarajio ni kupunguza mwendo kwa kama kilomita 30. Ukiwa kwenye 100, usiihesabu. Toleo hilo la kwanza halikutambua mtu anayetembea kwa miguu hata mchana. EyeSight ya Subaru, inayotumia kamera mbili kama macho mawili na hivyo kuona vitu vilivyosimama vizuri kuliko rada za zama zake, katika toleo la tatu ililenga kuzuia mgongano pale tofauti ya mwendo isipozidi kama kilomita 50 kwa saa. Jua la jioni likiipiga usoni, au ukungu ukishuka, hujizima kwa muda na kuwasha taa kwenye dashibodi.

Nisieleweke vibaya. Mifumo hii inaokoa watu. IIHS, taasisi ya utafiti ya kampuni za bima za Marekani, imeonyesha kwamba breki ya dharura hupunguza ajali za kugonga gari la mbele kwa karibu nusu. Lakini taasisi hiyo hiyo ilipoangalia watembea kwa miguu mwaka 2022 ilikuta ajali zimepungua kwa asilimia 27 kwa ujumla, huku kwenye barabara za giza zisizo na taa haikuonekana tofauti yoyote kati ya magari yenye mfumo na yasiyo nao. Barabara zetu nje ya miji ni za giza, na watu hutembea pembeni mwake.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni gari kufunga breki pasipo kitu. Mwaka 2019 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilianza kuchunguza zaidi ya nusu milioni ya Nissan Rogue zilizokuwa zikisimama ghafla penye makutano ya reli, madaraja na taa za barabarani zilizoning'inia chini. Februari 2022 ikageukia Tesla zipatazo 416,000, baada ya malalamiko 354, na mwezi huo huo ikafungua jalada la Honda CR-V na Accord milioni 1.7. Kampuni tatu tofauti, vifaa tofauti, lalamiko moja.

Watu huzizungumza kasoro hizi mbili, kutofunga breki penye lori na kufunga pasipo kitu, kana kwamba ni magonjwa mawili. Ni moja. Ndani ya programu kuna kiwango cha uhakika ambacho kompyuta lazima ikifikie kabla ya kukamata breki. Kishushe, gari litasimama kwa kila kivuli. Kipandishe, litapita kwenye lori. Mbwa anayebweka kila jani likianguka hufungiwa bandani, na siku mwizi anapokuja yuko bandani. Dereva aliyekerwa na breki za ghafla hufanya vivyo hivyo, anabonyeza kitufe na kuzima mfumo wote. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana wengi wamekipandisha kiwango. Wamekipima kwa barabara zao: Nagoya, Stuttgart, Michigan.

Na huku kwetu breki ya ghafla ina hatari ya ziada ambayo takwimu za ng'ambo hazionyeshi vizuri. Nyuma yako kuna basi la mkoani lililokubana hatua chache, dereva wake anawahi stendi, na breki zake zinategemea upepo na mguu wake peke yake. Gari lako likisita sekunde mbili kwa sababu ya kivuli cha daraja, yeye hana kompyuta ya kumwambia.

Kuhusu wanyama nitapita haraka. Mwaka 2017 Volvo ilikiri kwamba mfumo wake wa kutambua wanyama wakubwa, uliotengenezwa Sweden, ulikuwa ukichanganywa na kangaruu wa Australia. Ulipima umbali kwa kuangalia miguu inapogusa ardhi. Kangaruu akiwa hewani alionekana yuko mbali, akitua akaonekana karibu. Ng'ombe wetu angalau hawaruki. Lakini barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi, na sidhani kama kuna aliyeifundisha Vitz kumtambua tembo.

Kisaidizi cha usukani, kile kinacholirudisha gari kati ya mistari, kina tabia zake. Tarehe 23 Machi 2018, Mountain View, California, Tesla Model X ilifuata mstari uliofifia mahali njia mbili zinapoachana, ikaingia kwenye pembetatu iliyo wazi katikati, ikapandisha mwendo kutoka kama kilomita 100 hadi 114 kwa saa na kugonga ukingo wa zege. Kifaa cha kupunguza kishindo kilichopaswa kuwa mbele ya ukingo huo kilikuwa kimepondwa katika ajali ya siku 11 kabla na hakijatengenezwa. Dereva alikuwa mhandisi wa Apple, mtu wa kompyuta. Alikuwa ameshawaambia jamaa zake kwamba gari humvutia upande ule ule, pale pale. Uchunguzi ulionyesha kwamba huenda mchezo wa kwenye simu ndio uliokuwa umemteka.

Ukikisoma kisa hicho hutaweza tena kusema tatizo ni ujinga wa dereva. Alijua mahali, alijua upande, na bado siku hiyo hakuwapo. Lisanne Bainbridge, mwanasaikolojia wa Uingereza, alieleza sababu mwaka 1983 katika jarida la Automatica, wakati akizungumzia viwanda na si magari: kadiri mashine inavyofanya sehemu kubwa ya kazi, ndivyo sehemu ndogo anayoachiwa mtu inavyokuwa ngumu zaidi. Anatakiwa akae akitazama kitu kisichomhitaji kwa saa nzima, kisha akikamate kwa ghafla, katika dakika ambayo mashine yenyewe imeshindwa. Binadamu hakuumbwa kwa kazi hiyo. Machi 2024 IIHS ilipima mifumo 14 ya kusaidia kuendesha, ikiangalia jinsi inavyomweka dereva macho. Mmoja tu, wa Lexus, ulipata alama ya kukubalika. Mifumo 11 ilipewa alama ya chini kabisa. Desemba 2023 Tesla iliyaita magari zaidi ya milioni 2 nchini Marekani kwa marekebisho ya programu yanayohusu jambo hilo hilo, uangalifu wa dereva.

Barabara zetu zina kituko kingine kwa mfumo huu. Ukiona shimo na kulikwepa bila kuwasha indiketa, kisaidizi kinahisi umesinzia na kinausukuma usukani urudi. Nguvu yake ni ndogo, mkono ulioshika vizuri unaishinda. Lakini dereva asiyelijua hilo, akisukumwa mara ya kwanza huku bodaboda iko ubavuni, anashtuka, na mshtuko ndio unaoangusha. Viraka vya lami na nyufa zilizojazwa lami nyeusi navyo huweza kusomwa kama mistari.

Tufike kwa fundi, kwa sababu hapo ndipo hasa ninapoogopa. Kamera ikikaa vibaya kwa digrii moja tu, mita 100 mbele inakosea kwa mita 1.75, karibu nusu ya njia. Gari la pembeni linaonekana liko mbele yako, la mbele yako linaonekana liko pembeni. Japani wanalichukulia hili kwa uzito: tangu Aprili 2020 sheria yao inaitaka gereji iwe na kibali maalumu ndipo iguse vifaa hivi, na kung'oa kioo cha mbele chenye kamera kumo. Baada ya kioo kipya, gari huwekwa kwenye sakafu iliyo sawa, vibao vya shabaha vinasimamishwa mbele kwa vipimo, na kompyuta inaifundisha kamera upya mahali ilipo.

Huku kioo kinabadilishwa juani kando ya barabara, kwa gundi na kamba, na kamera inarudishwa kwenye kikalio chake kwa kukisia. Tunaweka spesa kunyanyua gari ili lisikwaruze matuta, mbele kiasi na nyuma zaidi, na kamera inaanza kutazama chini. Tunaweka bampa za chuma mbele ya rada. Bampa ya plastiki ikipasuka inajazwa poda na kupigwa rangi tabaka juu ya tabaka, na mawimbi yanapita hapo kwa shida. Kisha taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi, fundi anachomeka mashine, anafuta taa, analipwa. Taa imefutika, kamera iko palepale ilipokosewa. Afadhali gari ambalo mfumo wake umekufa na unakwambia umekufa kuliko hili lenye mfumo ulio hai na macho makengeza.

Juu ya hayo kitabu cha gari ni cha Kijapani, menyu ni za Kijapani, na sauti inayokuonya unatoka kwenye mstari inakuonya kwa Kijapani. Wapo wanaozima kila kitu kwa kubahatisha vitufe, na wapo wanaoendesha miaka bila kujua kile kilio cha dashibodi kinataka nini.

Shauri langu kwa mwenye gari ni hili. Breki ya dharura iache imewashwa, ila usiijaribu kwa boksi wala kwa gari la jirani. Kisaidizi cha usukani kizime ukitoka kwenye barabara yenye mistari mizuri. Kidhibiti mwendo kinachofuata gari la mbele usikitumie usiku kwenye barabara kuu, kwa sababu ya lori lile lililoachwa njiani. Kabla ya kununua, angalia pembeni mwa kioo kama nembo ya mtengenezaji inafanana na ya vioo vya milango. Ikitofautiana, huenda kioo kimebadilishwa, na uliza kilibadilishwa wapi. Ukikosa jibu, liendeshe gari hilo kana kwamba halina mfumo wowote.

Kwa wenye mamlaka, muda haupo mwingi. Japani iliifanya breki ya dharura kuwa lazima kwa modeli mpya za magari ya abiria kuanzia Novemba 2021. Ulaya ikafuata kwa magari yote mapya Julai 2024, na Marekani imejiwekea Septemba 2029. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingizwa nchini, kwa hiyo ifikapo 2030 karibu kila gari dogo la Kijapani litakaloshuka Mombasa litakuwa na kamera hizi. Ukaguzi wa lazima wa magari Japani ulianza kusoma kompyuta za mifumo hii Oktoba 2024. KEBS na TBS, mashirika ya viwango ya Kenya na Tanzania, ziutake usomaji huo uambatane na kila gari linalopakiwa melini kuja kwetu, zimtake muuzaji amkabidhi mnunuzi mwongozo anaoweza kuusoma, na vyuo vya ufundi vianze kufundisha upangaji wa kamera sasa, kabla gereji za kando ya barabara hazijaumaliza mtaala wao wenyewe.